Magwanda Kumi

Karatasi ilikuwa chini ya kopo la sukari, imekunjwa mara mbili, na Darlene Kosik hakwenda kuitafuta. Aliinua kopo atie sukari kwenye kahawa yake, basi. Lakini mwenye siri macho yake hayana adabu. Kabla hajajizuia alishaikunjua na kuisoma. Ilikuwa orodha ya herufi na namba kwa wino mweusi, mwandiko wa duara usio na doa hata moja. P.L. 38. M.S. 42. Na chini kabisa, imepigiwa mstari: D.K. 36, halafu mshale, 40, halafu mshale tena, 46. Kando ya namba hiyo ya mwisho palikuwa pameandikwa neno moja: Juni.

Kahawa ikamshinda kunywa. Namba zile alijua ni za nini, maana hakuna mwanamke aliyewahi kukaa mbele ya cherehani asiyezijua. Ni inchi za kiuno. Kuna mtu humu shuleni alikuwa anampima tumbo kwa macho, anaandika, na anapiga hesabu litakuwa limefika wapi shule ikifungwa. Namba za wenzake wala hazikumwingia akilini. Mtu akiogopa huona jina lake tu. Akairudisha karatasi chini ya kopo kama alivyoikuta, akatoka chumba cha walimu na kikombe kimejaa, na nusu yake ikamwagikia viatu kabla hajafika darasani.

Na mwandiko ule hakuna mtoto wa Kessler, Ohio, asiyeujua. Ulikuwa wa Bi Thrall.

Sasa nikwambie kwa nini namba tatu ziliweza kumtoa jasho mwanamke mzima mwezi wa Machi, theluji bado imelala uwanjani. Mwaka ule wa 1970 sheria ya bodi ya shule ya mji ule ilikuwa na mistari minne tu, na kila mwalimu wa kike aliijua kama anavyoijua sala ya Baba Yetu. Mwalimu akishika mimba, amwarifu mkuu wa shule kabla ya mwezi wa nne kwisha. Mwezi wa tano ukiingia, aende nyumbani. Akishazaa anaweza kuomba kazi upya, kama nafasi ipo, na anaanza moja. Ila mwenye mkataba wa kudumu tu ndiye anayewekewa nafasi yake. Eti watoto wasione tumbo, walisema wanaume wa bodi, kana kwamba watoto wenyewe waliangushwa na mvua. Sheria hiyo ilikuja kuvunjwa na majaji miaka ya baadaye, lakini baadaye si leo.

Darlene alikuwa amemaliza mwezi wa nne wiki iliyopita, na hakumwarifu mtu. Alihitaji miezi mitatu tu. Ikifika Juni angetimiza miaka mitatu ya kufundisha darasa la pili bila kukatiza, na mwenye miaka mitatu hupewa huo mkataba wa kudumu. Akitolewa leo, miaka yote mitatu inafutwa kama maandishi ya chaki.

Na mkataba ule hakuutaka kwa ajili yake peke yake. Mama yake, wakati wa vita, alifanya kazi kwenye kiwanda cha matairi miaka mitatu, anaendesha mashine iliyowashinda wajomba zake. Vita ilipokwisha wanaume wakarudi, na yeye akapewa barua ya asante na kipande cha keki. Barua ile aliitundika jikoni, si kwa fahari, kwa hasira, na kila alipokanda unga aliitazama. "Tafuta karatasi ambayo hawawezi kukuambia uirudishe," alikuwa akimwambia bintiye. Alikufa Darlene akiwa bado chuo cha ualimu.

Tena usimwone mzembe. Vidonge alikuwa navyo, vile vya kuzuia mimba, ambavyo kasisi alivikemea Jumapili moja na nusu ya wanawake kanisani wakatazama viatu vyao. Alivimeza miaka miwili bila kuruka hata siku moja. Miguu ikaanza kuvimba, daktari akamwambia apumzike navyo miezi miwili, na miezi miwili kwa mwanamume kama Ray Kosik ni muda mrefu sana.

Enid Thrall, mwenye ule mwandiko, alikuwa na miaka sitini na mitatu. Hakuolewa. Alianza kufundisha darasa la tatu enzi ambazo mwalimu wa kike akiolewa tu anafukuzwa, sembuse kushika mimba. Ndiye aliyeufundisha mji mzima kuandika. Ukienda benki, ukienda duka la dawa, ukishika cheti cha kifo, ni mkono wa Bi Thrall unaousoma. Hata Bwana Stamm, mkuu wa shule, aliwahi kuketi dawati la mbele kwake na pengo la meno mawili.

Na Darlene alikuwa na lake naye. Alizaliwa mtu wa mkono wa kushoto. Alipofika darasa la tatu, Bi Thrall alimbakiza kila siku baada ya masomo, wao wawili tu, rula iko mezani. Kila siku alimwacha kwanza aandike mistari mitatu kwa kushoto, akaitazama kwa muda bila kusema neno. Halafu angesema, "Sasa huo mkono ukalie." Darlene akaukalia kuanzia Septemba mpaka Krismasi, unakufa ganzi chini ya paja huku wa kulia unahangaika na herufi. Tangu hapo hakuna aliyemwona akiandika kwa kushoto. Hata Ray hakujua. Alipoajiriwa shule ile ile, Bi Thrall alimwambia, "Mwandiko wako ni mzuri," na Darlene akaitikia asante huku roho inamuuma.

Basi baada ya karatasi ile kila kitu kikawa dalili. Akiingia chumba cha walimu, mazungumzo yanakatika. Mtu anafunga mkoba haraka. Asubuhi moja kwenye foleni ya maziwa ya watoto aligeuka ghafla akakuta macho ya Bi Thrall yako kiunoni mwake, yanatambaa toka nyonga hii hadi nyonga ile, na midomo inacheza kidogo kama ya mtu anayehesabu. Jumatano mkoba wa bibi yule ulifunguka mlangoni, ukatoka utepe wa kupimia, ule wa mafundi cherehani, ukabiringika mpaka miguuni kwa Darlene.

Bi Thrall aliudaka kwa wepesi usio wa umri wake. "Mapazia," akasema.

"Mapazia ya wapi?"

"Ya kwangu, Mwalimu Kosik. Mimi nami nina madirisha."

Alhamisi Darlene akambana Peg Lanahan. Peg alifundisha chumba cha jirani, na kicheko chake kilisikika mpaka barabarani. Huyo alikuwa rafiki. Kama kuna mtu wa kumwambia ukweli, alikuwa yeye.

"Peg, kuna nini humu?"

"Humu wapi?"

"Nikiingia mnanyamaza. Mmekula cha mtu?"

"Aka! Wewe nawe. Tulikuwa tunamsema mume wangu, nikaona haya."

"Mume wako unamsema kila siku, tena mbele ya watoto."

"Leo ana jipya." Peg akacheka, lakini kicheko kikafia njiani. "Sikiliza, shoga yangu. Wewe kula, lala, usijitie wasiwasi. Kwa hali yako hii…"

"Hali yangu gani?"

"Hali ya hewa, jamani! Baridi gani hii? Haya, kengele hiyo, twende."

Kengele ilikuwa bado dakika nne.

Wanawake wa Kessler wana adabu yao moja: mwanamke haulizwi. Tumbo hata liwe limemtangulia mlangoni hatua mbili, mpaka aseme mwenyewe, wewe huoni kitu. Na ndani ya shule neno mimba lenyewe halikutamkwa; walisema hali, tena kwa sauti ya chini. Kwa hiyo Darlene alijua sasa kwamba wenzake wanajua. Asichokijua ni watakifanyia nini walichokijua, na hakuwa na njia ya kuuliza, wala wao hawakuwa na njia ya kumwambia. Adabu hiyo ndiyo iliyowaponza wote.

Nyumbani alimweleza Ray wakati wa chakula. Ray alitoka zamu kiwandani ananuka mpira wa matairi, mikono imekuwa myeusi mpaka kwenye kucha, akawa anakula nyama iliyofungwa kwenye majani ya kabichi na kusikiliza kwa sikio moja mpaka aliposikia habari ya karatasi. Hapo akaweka uma chini.

"Huyo bibi anakuchongea."

"Unajuaje?"

"Kiwandani kwetu mtu akianza kuandika namba zako kwenye karatasi, wiki ijayo umehamishwa zamu. Mwahi kabla hajakuwahi."

"Nimwahi na nini?"

"Kila mtu ana lake, bibie. Hata huyo mtakatifu. Tafuta." Akachukua uma tena. "Au acha tu yaishe. Ungekaa nyumbani, tukawa tunakula hivi kila siku…"

"Rudia hayo."

"Nimesema nini? Nimesifu chakula!"

Darlene alimtazama kwa jicho jipya. Kila Jumanne Ray na Bwana Stamm walikuwa timu moja kwenye ukumbi wa boling, mchezo wa kubiringisha mipira. Watu wakinywa bia mbili hawazungumzi mipira tu. "Ray, wewe hujamwambia Stamm kitu?"

"Mimi? Unanishuku mimi, mumeo?"

"Nauliza."

"Mama wee, mwanamke huyu! Kesho utamshuku na paka." Lakini hakusema hapana, na Darlene aliliona hilo, akaliweka pamoja na mengine.

Ijumaa asubuhi akakutana na Bwana Stamm kwenye korido. Alikuwa mwanamume mnene, mpole, aliyeogopa bodi kuliko alivyomwogopa Mungu.

"Mwalimu Kosik! Naona umenawiri. Uso umejaa."

"Ni baridi, Bwana Stamm."

"Baridi nzuri hiyo. Sikiliza, Bi Thrall ameniomba dakika tano Jumatatu asubuhi, mbele ya walimu wote. Anasema ni jambo la wanawake. Unalijua?"

"Silijui."

"Wala mimi. Mambo ya wanawake kabla sijapata kahawa, Mungu anisaidie." Akacheka peke yake na kwenda zake.

Darlene alibaki kwenye korido. Jumatatu. Mbele ya walimu wote. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea. Bibi yule angesimama na karatasi yake ya namba na kumsoma kama mahudhurio. Sheria inasema mwalimu aarifu, na asipoarifu ataripotiwa. Na nani mwenye uso wa kumripoti mtu hadharani kama si yule aliyemkalisha juu ya mkono wake mwenyewe miezi minne?

Na lake Bi Thrall, Darlene alilijua. Mwaka juzi Joyce Wendt wa darasa la tano alifundisha na mimba yake mpaka siku ya mwisho ya shule, na Bwana Stamm hakuona kitu mpaka uchungu ulipomshika Joyce kwenye somo la jiografia. Bodi ilimfokea Stamm, naye hakujua mpaka leo ilikuwaje. Wanawake walijua. Bi Thrall alikuwa akichukua magauni ya Joyce Ijumaa na kuyarudisha Jumatatu yamepanuliwa, mshono mzuri kiasi kwamba huwezi kuona yalipofumuliwa. Sasa mwanamke aliyemficha Joyce anataka kumtoa Darlene, kwa nini? Labda Joyce alikuwa kipenzi chake. Labda amezeeka, anajisafisha kwa bodi kabla hawajampitia yeye. Mtu akitaka sababu hakosi.

Watoto walipoondoka alifunga mlango wa darasa. Mashine ya kupiga chapa ilikuwa ofisini kwa karani, haifikiki. Mkono wake wa kulia Stamm aliuona kila siku kwenye daftari la mahudhurio. Akachukua kalamu kwa kushoto. Hakuwa ameushikisha mkono ule kalamu kwa miaka kumi na minane, na ulianza kwa kukosea, halafu, lo, ukakumbuka. Herufi zikatoka za kitoto, zimelalia nyuma, mikia imekunjwa upande usio wake.

"Bwana Stamm. Ukitaka kujua nani anakufanya mjinga shuleni kwako, muulize Bi Thrall nani aliyekuwa akipanua magauni ya Bi Wendt. Usiamini lolote atakalokuambia Jumatatu. Anayeipenda shule."

Aliisoma na kuridhika. Mwandiko huu hauna mwenyewe, alijiambia. Akapita mlango wa ofisi, akainama kama anayefunga kamba za kiatu, akaisukuma karatasi chini ya mlango. Jumamosi alifua, Jumapili akaenda kanisani, na siku zote mbili alijihisi mwepesi, kwa sababu mtu akishapiga hupumzika kidogo kabla ya kurudishiwa.

Jumatatu alifika amefunga koti mpaka shingoni. Peg alikuwa anamngoja mlangoni pa chumba cha walimu, uso unang'aa, na mwilini amevaa gwanda la buluu, pana kama dera, lina mifuko miwili mikubwa mbele. Darlene akatazama ndani. Walimu wote walikuwa wamevaa. Wembamba, wanene, Marge Sobol wa darasa la sita ambaye alikuwa na nyonga kama mlango wa ghala, yule binti mpya aliyekuwa mwembamba kama ufagio: wote buluu, wote wapana, na hakuna ambaye ungeweza kusema kiuno chake kinaanzia wapi. Bi Thrall alikuwa kando ya dirisha, naye yumo ndani ya lake, kichwa chake cheupe kinachungulia juu kama kifaranga.

"La kumi lako," Peg akamsukumia kifurushi. "Toka Jumanne hatujalala, mwenzangu. Cherehani yangu imeungua mkanda. Bibi anakata, sisi tunashona. Alisema usiambiwe, ili Stamm akikuuliza uwe hujui kitu kweli kweli."

Darlene alishika kifurushi bila kukifungua.

"Ni kwa ajili ya vumbi la chaki," Bi Thrall akasema, akitazama nje dirishani, si yeye. "Linaharibu nguo. Nitamwomba Bwana Stamm tuyavae kila siku mpaka shule ifungwe. Ubavuni lina mikunjo ya kuachia, Mwalimu Kosik, ukitaka nafasi. Yote yanayo. Lako nililikadiria kwa macho, uniwie radhi. Nadhani litafika."

Inchi arobaini na sita. Juni. Darlene alielewa yote kwa mara moja, na kitu cha kwanza kilichomjia si furaha, ni hofu. Barua. Akageuka mbio kuelekea ofisini, koti limefungwa, kifurushi kwapani. Hakufika. Bwana Stamm alikuwa anakuja kwenye korido, uso mwekundu, na mkononi ana karatasi.

"Ndani, Mwalimu Kosik. Wote ndani."

Aliingia, akaona buluu kila upande, akasahau alilotaka kusema. "Nini hiki?"

"Vumbi la chaki," wanawake wanane wakajibu kwa pamoja.

Aliwatazama mmoja mmoja, polepole, na ungeona akili yake inatembea. Alifika mwisho akarudi mwanzo. "Nani kati yenu…" akaanza, kisha shingo yake ikawa nyekundu kuliko uso.

"Nani kati yetu nini, Bwana Stamm?" Peg akauliza kwa sauti ya asali.

Hakuweza. Wangemtukana mamake asingeshindwa kama alivyoshindwa pale. Badala yake akainua ile karatasi na kuisoma kwa sauti, tangu mwanzo mpaka "anayeipenda shule". Darlene alitazama sakafu. Alisikia maneno yake mwenyewe yanatoka kwenye kinywa cha mtu mwingine, na yalikuwa mabaya kuliko alivyoyaandika.

"Ni kweli hii?" Stamm akauliza.

"Ni kweli," Bi Thrall akasema. "Magauni matano. La kijani nililipanua mara mbili."

"Bi Thrall! Nililaumiwa na bodi kwa ajili ya lile!"

"Najua, Lowell. Na Joyce alimaliza mwaka wake." Alimwita kwa jina lake la kwanza, kama alipokuwa na pengo la meno.

"Bodi itabidi ijue. Sina ubaya na wewe, lakini itabidi ijue."

"Waambie."

Stamm akajifuta jasho. Hakuwa mtu mbaya, na mtu kama huyo ukimpa karatasi mkononi lazima aifanyie kazi. Akamnyooshea Bi Thrall ile barua. "Haina jina. Huyu anayajua mengi, na nadhani anayajua na ya mwaka huu." Akayatupia jicho magwanda. "Nikimpata nitazungumza naye. Wewe unajua mkono wa kila mtu mji huu. Ni wa nani?"

Bi Thrall akavaa miwani yake, akaipokea.

Darlene alikuwa hatua tatu tu kutoka kwake. Aliona macho ya bibi yule yanakwenda kwenye mstari wa kwanza na kusimama. Hayakusoma tena, yalikuwa yanatazama tu, vile vile yalivyokuwa yakitazama mistari mitatu ya kila jioni, Septemba mpaka Krismasi. Herufi za kitoto zilizolalia nyuma. Mikia iliyokunjwa upande usio wake. Hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kuuona mkono ule. Mama yake alikuwa kaburini. Darlene akausikia mkono wake wa kushoto unakufa ganzi ndani ya mfuko wa koti. Neno moja tu la bibi yule lilitosha kumwondolea kazi na marafiki kwa pamoja, na alijua analistahili.

Bi Thrall akavua miwani, akaikunja.

"Siujui," akasema.

"Huujui? Wewe?"

"Nimefundisha mji huu watoto zaidi ya elfu, Lowell, na kila mmoja namkumbuka." Akamrudishia karatasi. Hakumtazama Darlene, hata mara moja. "Aliyeandika hii, mimi sikumfundisha."

Wengine walilisikia hilo kama jibu. Stamm aliikunja barua, akaruhusu magwanda kwa kupunga mkono kama anayefukuza nzi, akatoka. Peg akamshika Darlene mkono na kumnong'oneza, "Kuna nyoka humu, shoga. Nani mwenye roho hiyo? Tutamjua tu." Na kuanzia siku ile wanawake tisa walianza kutazamana. Marge alimshuku yule binti mpya, binti mpya akamshuku Marge, na wote wakawa wanamwamini Darlene, maana yeye ndiye aliyekuwa na la kupoteza.

Gwanda lilitosha. Mwezi wa Aprili aliachia mkunjo wa kwanza, Mei wa pili na wa tatu. Stamm hakuuliza. Bodi ilimwandikia Bi Thrall kwamba Juni itakuwa mwisho wake, miaka miwili kabla ya aliyoikusudia.

Siku ya mwisho Darlene alimkuta anafungasha darasani kwake, anatoa picha ukutani. Alikuwa ameyapanga maneno wiki nzima.

"Bi Thrall, ile barua…"

"Barua gani?"

"Naomba unisikilize. Niliona ile karatasi, nikadhani—"

"Mwalimu Kosik," bibi yule akasema, na sauti yake haikuwa na hasira, haikuwa na kitu. "Nilishasema simjui. Usinilazimishe kumjua." Akaendelea kutoa pini ukutani, moja moja, akiziweka kwenye bati. Darlene akangoja kidogo. Alipoona hapewi hata kiti, akatoka.

Ofisini Bwana Stamm alikuwa ameuweka mkataba mezani, karatasi nene yenye mhuri, miaka mitatu kamili bila kukatiza. Ndiyo ile karatasi wasiyoweza kumwambia airudishe. Akampa kalamu, na macho yake akayaweka dirishani kwa adabu, yasiteremke kwenye gwanda. Darlene aliinama kwa shida, akatia sahihi kwa mkono wa kulia, kama alivyofundishwa.